Tuta la Mama Gundi

Mama Gundi alikuwa mwoga. Hilo tuliseme mapema tulimalize, maana hata yeye mwenyewe hakulikana. Aliogopa mbwa, hata wale waliofungwa mnyororo. Aliogopa lifti, kwa hiyo kila asubuhi alipanda ngazi za ofisi kwa miguu huku anahema na kuyasema magoti yake. Radi ikipiga alichomoa kila waya ukutani, hadi wa pasi iliyopoa tangu jana, kisha akapanda kitandani na kukunja miguu mpaka mbingu itulie. Mjusi akianguka kutoka darini, basi chumba hicho siku hiyo kimehamwa.

Binti yake wa pekee alikua akizicheka hofu hizo, akaolewa akizicheka, na alipopata mtoto akamrithisha mzaha wote. "Kimbia kamwambie bibi kuna panya jikoni," husema, na mtoto huyo mbio, kafurahi utadhani katumwa kupeleka zawadi. Mama Gundi hupiga yowe, akapanda kiti, na nyumba nzima ikaangua kicheko, yeye mwenyewe akimalizia. Mwoga wa aina hiyo watu humpenda sana. Kumwamini ndiyo kazi.

Jina alipewa kazini. Alikuwa akitengeneza modeli kwenye ofisi ya msanifu wa ramani, ghorofa ya juu kabisa, juu ya duka la vipuri vya magari. Msanifu akishachora mradi kwenye karatasi, Mama Gundi huuinua ukasimama mezani: vilima vya kadibodi, nyasi za unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani, miti ya sponji ya kuoshea vyombo, vijumba vya plastiki vya kukaa kwenye ukucha. Vidole vyake vilinuka gundi hata siku za mapumziko. Na ajabu ya mwanamke huyu ni kwamba mikono haikuwa na woga hata chembe. Wembe ambao ungemtoa mtu mwingine kidole, yeye aliuendesha huku anapiga soga na kuangalia dirishani.

Ukaja mradi wa uwanja wa gofu, mkubwa kuliko yote waliyowahi kuishika. Mashimo kumi na nane, jengo la kilabu kilimani, nyumba za wenye nazo pembeni, na ziwa. Msanifu aliizunguka ardhi ile kwa miguu wiki nzima, anachomeka vijiti vyenye utepe mwekundu, anarudi ofisini na matope hadi kwenye tai. Halafu alikuwa anatandika karatasi nyembamba juu ya nyingine, anafuta, anachora, analihamisha shimo la tatu linakwenda kulala kwenye la saba, kisha anagundua kwamba jioni jua litawapiga wachezaji machoni, anafuta tena. "Gofu si kupiga mpira tu, Mama Gundi," alimwambia. "Ni kumtembeza tajiri shambani bila yeye kujua kwamba anatembezwa."

Nyasi za gofu hunywa maji kama ngamia, ndiyo maana ziwa lilitakiwa. Na palipofaa kukaa ziwa ni mahali pamoja tu: kwenye kibonde kilichoshuka kutoka kilimani, juu kidogo ya mtaa wa bondeni. Mama Gundi alipoliona kwenye ramani alikaa chini. Mtaa wa bondeni ndiko alikoolewa binti yake.

"Bwana mkubwa," aliuliza, "hili ziwa... huku chini kuna watu."

Msanifu hakumcheka. Alikuwa mtu mwungwana, tatizo lake ni kwamba uungwana wake ulikuwa na mipaka, na mipaka hiyo tutaifikia. Alimwonyesha kwa penseli. Kati ya ziwa na nyumba kutakuwa na tuta la udongo ulioshindiliwa. Pembeni kuna mdomo wa kupunguzia maji, yakizidi yanatoka polepole yanaelekea mtoni. "Hata ikinyesha vipi, kutoka juu ya maji mpaka juu ya tuta kutabaki kimo cha mtu mzima aliyeinama kidogo. Umeridhika?"

Aliridhika. Moyo ulimrudi mahali pake, akachukua wembe akaanza kazi.

Sasa hapa kuna jambo la ufundi ambalo lazima mlijue. Ardhi ya kweli, ukiipunguza ikaenea mezani, inakuwa bapa. Kilima kinachokutoa jasho kwa miguu, mezani kinakuwa kama kunjo la kitambaa, na hakuna tajiri anayetoa pesa kwa kunjo la kitambaa. Kwa hiyo mafundi wa modeli huvuta miinuko iende juu. Ofisi ile ilivuta mara tatu, na wenyewe waliita kutia chumvi. Kilima mara tatu, bonde mara tatu, tuta mara tatu. Ila nyumba haziguswi, maana ukiivuta nyumba mara tatu inakuwa mnara. Haikuwa siri. Hakuna aliyeficha kitu. Ni jambo ambalo kila mtu ofisini alilijua kwa muda mrefu mno mpaka akasahau kwamba wengine hawalijui.

Modeli ilipokwisha ilipelekwa kwenye ukumbi wa shule ya mtaa wa bondeni, wenyeji wauone mradi na watoe neno. Walikuja wengi, wamenuna, mikono imefungwa kifuani. Mwenye mradi alisema maneno yake matamu, yakapita juu ya vichwa. Ndipo watu wakaanza kuizunguka meza. Wakainama. Wakatafuta mapaa yao.

"Hapa ni kwangu, jamani!" alisema jirani wa binti, yule ambaye tangu azae hakuna anayemwita vingine ila Mama Mapacha. Aliweka kidole juu ya kijumba cha plastiki, kisha akakipandisha taratibu kwenye tuta la kijani nyuma yake. Tuta lilikuwa refu kuliko nyumba. Lilisimama kama ukuta wa ngome. "Loo! Hili kweli linashika maji."

Lakini baadhi bado walinung'unika, na hapo ndipo binti wa Mama Gundi alipopanda juu ya benchi. Alikuwa fundi cherehani, ana sauti ya kuzoea kushindana na mashine.

"Nisikilizeni! Mama yangu ndiye aliyeitengeneza. Si mnamjua mama yangu? Mtu anayemkimbia mjusi! Sasa mwangalieni pale alivyokaa, ametulia, ananywa soda. Kama ingekuwepo hatari hata ya kijiko cha maji, mngemkuta hapa?"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Mama Gundi na chupa yake ya soda, ukacheka mpaka madirisha yakatetemeka. Naye akacheka, akaona fahari, mara moja maishani woga wake umefaa kitu. Wakakubali. Chumvi haikumpitia hata akilini.

Matingatinga yakaingia. Ardhi ikakwanguliwa, tuta likapanda, mabomba yakafukiwa, nyasi zikaletwa kwa malori zimeviringishwa kama mazulia. Ziwa likaanza kujaa. Na ingekwenda hivyo hivyo salama kama si mwenye mradi kuwa na mazoea yake.

Mazoea yenyewe ni haya. Kila alipokuja ofisini alikuwa anainama kwenye modeli, anaweka kidevu nyuma ya kijumba cha kilabu, anafumba jicho moja na kulitazama ziwa. "Hapa," husema, "wageni wangu watakaa na vinywaji vyao, maji yote yako mbele yao." Basi siku baraza la mbele la jengo la kilabu lilipokamilika akaenda kusimama pale kwa miguu yake. Akaona nyasi. Akaona nyasi zaidi. Mbali kule chini akaona utepe wa maji, mwembamba kama mkanda wa suruali.

Alikuja ofisini akiwaka. Mama Gundi alimsikia tangu kwenye ngazi.

"Ziwa langu liko wapi?"

"Mheshimiwa, liko pale pale," alisema msanifu. "Ni kwamba modeli imetiwa chumvi kidogo, mteremko wa kweli umelala zaidi, na jicho la mtu..."

"Mimi nililipia nilichokiona. Nimekiona hapa, kwenye meza hii. Ongeza maji!"

"Tukipandisha maji, tupandishe na tuta."

"Nitazame lundo la udongo nyuma ya ziwa? Nataka maji yaonekane yameishia hewani. Tuta liache lilivyo."

Msanifu alichukua penseli. Akaandika kimo kipya cha maji. Hapo ndipo mpaka wa uungwana wake ulipokuwa. Wiki ile ile mdomo wa kupunguzia maji ulizibwa kwa zege, ukafunguliwa mwingine juu zaidi, na ziwa likaanza kunenepa kuelekea kilimani, zuri ajabu, tajiri akafurahi.

Mama Gundi akaambiwa arekebishe modeli, maana ingewekwa kwenye ukumbi wa kilabu siku ya ufunguzi. Alichanganya ile gundi inayokauka ikawa kama kioo, akatia tone la buluu, akaanza kuimimina juu ya ziwa la zamani huku anaimba wimbo wa kanisani ambao maneno yake hakuwahi kuyajua yote. Aliweka alama kwenye kingo kama mchoro ulivyosema. Gundi ikapanda, ikaifikia alama, akasimamisha mkono. Akatazama.

Kati ya maji na ukingo wa tuta palibaki unene wa njiti ya kiberiti.

Na hiyo, mwenzangu, ni pamoja na chumvi. Kikopo mkononi, polepole akaitoa ile chumvi akilini mwake. Njiti moja, igawe mara tatu. Kwenye ardhi ya kweli haikufika hata gotini. Ndipo likamjia na lile la pili: ukuta wa ngome ambao Mama Mapacha aliupandisha kidole, ambao yeye mwenyewe aliutazama ukamtuliza huku anakunywa soda, nao ulikuwa chumvi. Aliutia kwa mikono yake. Akaudanganya ukumbi mzima bila kusema neno, akajidanganya na mwenyewe.

Gundi ilikauka kwenye kikopo na kijiti ndani yake.

Alimvizia kwenye ngazi mhandisi wa mradi, yule aliyesimamia ujenzi wa tuta. Alikuwa kijana mpole, kucha amezitafuna mpaka nyama.

"Baba, yale maji. Unajua?"

"Najua, mama."

"Umewaambia?"

"Nimesema mara moja. Nikaambiwa nikirudia, kesho nisije." Alitazama juu na chini kama anayetafuta mtu amejificha. "Kwa mvua za kawaida tuta litashika."

"Na zisizo za kawaida?"

Kijana alisema tu, "Mke wangu amejifungua juzi," akateremka haraka, mkono haushiki hata reli. Mama Gundi alibaki ameegemea ukuta. Alikuwa ametarajia kuambiwa kwamba amekosea, kwamba ni mambo yake yale yale ya mbwa na lifti. Kumkuta mtu mwenye elimu yake naye anaogopa kulimtisha kuliko maji yenyewe.

Msanifu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Ardhi ni yake, Mama Gundi. Sisi kazi yetu kuchora. Na haya mazungumzo yasivuke mlango huo, nakuomba. Sote tuna watoto." Mama Gundi akaenda hadi ofisi ya serikali ya mtaa, wakamwambia arudi na mhandisi. Mhandisi, alipomwendea tena, alijifanya anaongea na simu.

Basi usingizi ukamhama. Mchana anakata miti ya sponji, anasikia maji. Akifungua bomba la kuoshea mikono anashtuka. Aliogopa kupoteza kazi, maana kwa umri wake nani atamwajiri kwa kubandika nyasi? Aliogopa kusema, aliogopa kunyamaza, na kila alipotazama dirishani aliangalia mawingu tu. Msimu wa mvua kubwa ulikuwa unakaribia.

Jumapili alikwenda kwa binti yake akayatapika yote. Binti alikuwa anakata kitambaa mezani, pini mdomoni. Alizitoa pini moja moja akisikiliza.

"Mama."

"Naam."

"Mwaka jana ulisema jiko la gesi litalipuka."

"Hilo lilikuwa jingine."

"Ukasema nguzo ya umeme itatuangukia. Ukasema mume wangu asiendeshe lori usiku atakutana na majambazi, na mwaka wa tano huu analiendesha. Mama yangu, nakupenda. Lakini tukihama kila unapoogopa, sisi si tutakuwa tunaishi barabarani?"

"Siku ile uliwaambia watu mimi nimetulia! Si ulisema mwenyewe?"

"Siku ile ulikuwa umetoka kuitengeneza, una akili zako timamu. Sasa umeona wingu." Alicheka, akamshika mashavu mama yake kwa mikono yenye vumbi la nyuzi. "Nitawaambia nini majirani? Mimi ndiye niliyepanda benchi. Leo niwagongee milango niseme jamani, mama kaota?"

Mtoto akapita mbio. "Bibi, kuna panya!" Safari hii Mama Gundi hakupanda kiti. Hakuna aliyeona.

Akarudi nyumbani na wazo moja. Yeye maneno hayakuwa kazi yake, kazi yake ilikuwa mikono. Kama modeli ndiyo iliyowadanganya, modeli itawaambia ukweli. Akasukuma vyombo pembeni ya meza ya kulia chakula, akaanza kukata mpya, ndogo: kibonde, ziwa, tuta, nyumba. Bila chumvi. Kila mwinuko kwa kipimo chake halisi, maji kwenye alama mpya. Alifanya kazi kwa bidii ambayo msanifu hakuwahi kuiona, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Aliibeba ndani ya boksi la viatu hadi mtaa wa bondeni, akaiweka uani kwa binti yake juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaita majirani.

Wakaja. Wakainama. Mama Gundi alisimama pembeni na mikono kifuani, anasubiri waingiwe na hofu.

"Hii ndiyo nini?" aliuliza mmoja.

"Ndiyo ardhi yenu. Hii ndiyo ya kweli."

"Mbona bapa?"

Ilikuwa bapa kweli. Tuta lilikuwa mstari tu, ungeweza kulifuta kwa kidole gumba. Ziwa lilikuwa doa la buluu lisilomtisha hata kuku. Mama Mapacha alicheka mpaka akamshika bega mwenzake. "Ah, Mama Gundi! Kumbe hata kilima hakuna! Sasa maji yatashuka kutoka wapi, mbinguni?" Wote wakacheka, bila ubaya, kama watu wanaomcheka shangazi yao. Wakaondoka wamefarijika kuliko walivyokuja.

Alibaki na boksi lake. Uongo wake uliwatuliza, na ukweli wake umewatuliza zaidi. Alitaka kulia na kilio hakikuja.

Mvua zikaanza siku chache baadaye, za mchana, nzito, zinakuja na kuondoka. Alhamisi ofisi ikamtuma apeleke ile modeli kubwa kilabuni. Vijana wawili wakaibeba hadi ukumbini, yeye akafuta vumbi, akanyoosha miti iliyolala. Kisha, badala ya kurudi kwenye gari, akajikuta anatembea kwenye nyasi zilizolowa, viatu vinazama, akishuka kuelekea ziwani. Hakuna aliyemzuia. Nani atamzuia mama mtu mzima mwenye mwavuli?

Alipanda juu ya tuta. Alikuwa hajawahi kulikanyaga. Upande mmoja maji yalitanda ya kahawia, makubwa, yanatikisika kidogo kidogo kwenye ukingo. Alichuchumaa, akanyoosha mkono, na bila kujitahidi vidole vyake vikaingia majini. Aligeuka upande wa pili. Chini kabisa, karibu kiasi cha kuhesabu mabati yake, kulikuwa na paa la binti yake. Sare ya shule ya mtoto ilikuwa kwenye kamba.

Alishuka kwenye tuta lile kwa makalio, ndio, mtu mzima, anateleza na kushika nyasi. Upande wa mashariki anga lilikuwa limekuwa jeusi kama chungu. Radi ikanguruma.

Kila siku ya maisha yake radi ikinguruma Mama Gundi alikimbilia kitandani kwake, upande wa pili wa mji, ghorofa ya pili, mahali pakavu. Gari la ofisi lilimfikisha huko. Alipanda ngazi, akafungua mlango, akatoa mkoba, akatia kanga mbili, dawa zake za presha, mswaki. Hakuchomoa waya hata mmoja. Akashuka tena.

Binti alikuwa mlangoni akiangalia wingu, anafikiria kuanua nguo, alipomwona mama yake anakuja kwenye njia ya matope na mkoba kichwani, mwavuli umegeuzwa na upepo, matope mpaka mgongoni.

"Mama! Hee! Umeanguka wapi? Na radi hii?"

"Nimekuja kulala kwenu."

"Leo?"

"Mpaka mvua ziishe."

Aliingia, akakaa kwenye kiti cha karibu na cherehani, mkoba magotini. Alikuwa anatetemeka, mikono pia, ile mikono ambayo haikuwahi kutetemeka. Radi ikapiga, karibu sana, vijiko vikalia kwenye beseni. Mama Gundi alifumba macho, meno yakagongana, akabaki pale pale kwenye kiti.

Binti alisubiri yowe. Halikuja. Alimtazama mama yake vizuri, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Mama, ulisema maji yatashuka hapa."

"Nilisema."

"Bado unaamini hivyo?"

"Nimepanda juu ya tuta leo hii. Nimeyashika kwa mkono, hivi." Aliunyoosha, vidole vina matope. "Yanakuja, mwanangu. Kama si leo, kesho."

"Basi umefuata nini huku?" Sauti ya binti ilipanda, ikakatika. "Wewe? Wewe unayehama chumba kwa mjusi?"

"Naogopa," alisema Mama Gundi. "Naogopa mpaka nataka kutapika. Lakini hamtaki kutoka. Nikae kwangu nisikilize redio inasoma majina yenu? Siwezi. Yakija, yatanikuta na nyinyi."

Mvua ikaanza kwenye bati, matone makubwa ya kwanza, yenye nafasi katikati. Binti alisimama na mkono mdomoni. Mwoga hukimbia kinachomtisha, hilo alilijua tangu utotoni, alilicheka tangu utotoni. Na huyu hapa mwoga kuliko wote aliyewahi kumjua, amekuja kwa miguu yake kukaa chini ya kile kinachomtisha, na mswaki mkobani.

Binti alitoka akaanua sare, akaiviringisha na nguo nyingine kwenye shuka, akafunga fundo. Akamvika mtoto koti. Akaichomoa cherehani, akaitazama, akaiacha. "Nyanyuka, mama," alisema. "Nyanyuka twende."

Mtoto aliuliza wanakwenda wapi. Mama Gundi alimbeba mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa.

Walipofika kwenye mlango wa Mama Mapacha, binti alisimama. Maji ya mvua yalimtiririka usoni. Ndani watu walikuwa wanacheka, redio inaimba, mapacha wanagombania kitu. Aligonga kwa ngumi, mara nyingi, mpaka mlango ukafunguliwa na Mama Mapacha akatokea na kijiko mkononi, tabasamu lote usoni, akitazama fundo la nguo, akimtazama mtoto, akimtazama Mama Gundi aliyelowa chapachapa chini ya ngurumo.

"Jamani, kulikoni? Mmekosana na nani?"

"Mama yangu ndiye aliyeitengeneza," alisema binti. "Tokeni."